Nakwenda Niue

Kosa la kwanza lilikuwa la jina. Mtu akisema mbele ya wageni kwamba anakwenda Pemba au Salala, hakuna atakayeshtuka. Pengine ataagiziwa karafuu au ubani. Lakini kuna kisiwa katika bahari ya Pasifiki, kidogo hata kwenye ramani ya ofisini kwetu nilikidhania uchafu wa nzi, nacho kinaitwa Niue. Wenyewe hulitamka jina lao vilevile ambavyo Mswahili angelitamka, Ni-u-e, bila kuongeza wala kupunguza. Sasa mwambie Mswahili yeyote, "Nakwenda Niue." Atakuuliza unakwenda umuue nani.

Mimi niliulizwa hivyo sebuleni kwetu Darsait, mjini Maskati, mwishoni mwa miaka ya tisini, tena na mwanamke aliyekuja kumposea mwanawe.

Nilikuwa nikifanya kazi katika ofisi ya serikali inayoshughulikia maradhi ya mimea, na nilikuwa nimefikia umri ambao kwa hesabu ya Bibi ulikuwa umechelewa, na kwa hesabu yangu ndio kwanza umeanza kunoga. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyenilea baada ya wazee wangu kufariki. Alihamia Maskati kutoka Unguja akiwa mtu mzima, akaja na masanduku yake, mbuzi yake ya kukunia nazi na maoni yake yote, na hakuna alichokipunguza njiani. Ami yangu, mdogo wake baba, ndiye aliyekuwa walii wangu wa kuniozesha. Alikaa ghorofa ya chini na familia yake, lakini kila siku alipanda kula kwetu, akidai kapita tu.

Waliokuja kuposa walikuwa Waomani kama sisi, ila wao walitokea Tabora. Bibi hakuwa na neno nao, alisema tu kwamba Kiswahili chao kina vumbi la bara. Kijana mwenyewe, kama mtu wa miaka thelathini na kitu anaitwa kijana, alikuwa injinia katika kiwanda cha vigae huko Rusayl. Alikuja na mama yake na mjomba wake mkubwa, akamwamkia Bibi shikamoo, akakaa kwenye ncha ya kochi kama anayengojea kuitwa kwa daktari, akanyamaza. Mimi nilileta kahawa na haluwa, nikakaa karibu na mlango. Nilimtazama mara moja tu, kwa haya, halafu nikamtazama tena bila haya.

Ami akaona mazungumzo yamelala, akataka kunipamba. Akawaambia wageni, "Huyu mwanetu mtu wa safari. Wiki ijayo anakwenda Niue."

Mama mtu akaweka kikombe chini. Akauliza polepole, "Amuue nani?"

Mjomba mtu aliutazama mlango. Bibi akaona heshima ya nyumba inavuja, akaingilia kati kunitetea, na utetezi wenyewe ulikuwa huu: "Asiogope mtu. Katumwa na serikali."

Hapo yule mtu wa Rusayl, aliyekuwa na kahawa kinywani, alicheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, kahawa ikamtoka puani, ikaingia kwenye kanzu yake nyeupe na kwenye kitambaa cha meza cha Bibi. Alivua kofia yake, zile kofia za tarizi ambazo mtu hukaa miezi akishona, akaifuta meza ya Bibi kwa kofia. Mimi nilikimbilia jikoni, nikafungua friji, nikachekea humo ndani.

Wakati nacheka na maziwa, huko sebuleni mambo yalinyooshwa. Ilielezwa kwamba Niue ni kisiwa, kwamba nakwenda wiki mbili kwenye mafunzo ya kulinda minazi, na kwamba Salala nako kuna minazi, na minazi hiyo ina maradhi. Bibi hakuacha kushangaa. Mtu wa Unguja atumwe kutoka nchi ya tende akafundishwe mnazi upande wa pili wa dunia? Kisha posa ikatolewa rasmi. Nilipoulizwa faraghani, nilisema nitajibu nikirudi. Ami alikunja uso, lakini Bibi akasema sawa, subira yavuta heri.

Basi nikaenda. Ilikuwa Dubai, halafu Singapuri, halafu New Zealand, na kila ndege ndogo kuliko iliyotangulia. New Zealand niliondoka Jumamosi asubuhi na Niue nikafika Ijumaa mchana. Naomba usome tena sentensi hiyo, kwa sababu mimi niliisoma tikiti yangu mara nyingi. Katikati ya bahari kuna mstari ambao hakuna anayeuona, na ukiuvuka kuelekea huko unarudishiwa siku ya jana. Nilisali adhuhuri ya Ijumaa mara mbili mfululizo, nikajihisi kama mtu aliyepakuliwa sahani ya pili ya biriani bila kuomba. Kibla nilikisia tu, na Mungu anajua nia ya mtu.

Kisiwa chenyewe ni jiwe moja kubwa la matumbawe lililosimama juu ya maji. Ufuo wa mchanga wa kutembea huku umeshika viatu mkononi, wa kule tunakotoka, haupo. Ili uifikie bahari unashuka ngazi, unapita ndani ya pango, unajikwaa, unamtaja Mola wako, halafu ghafla unatokea kwenye dimbwi la maji safi mpaka unawaona samaki wakikutazama. Nyangumi hupita karibu na miamba, na watu wanawatazama huku wakiendelea kuanika nguo. Mimi nilimwona mmoja nikapiga ukunga. Mwanamke aliyekuwa karibu yangu alinishika mkono akidhani nimeumwa na kitu.

Barabara ni moja, inazunguka kisiwa kizima, na kila dereva akikutana nawe anainua kidole kwenye usukani kukusalimia. Mimi mtoto wa Maskati, niliyefunzwa kutotazama ndani ya magari ya watu, nilipita siku ya kwanza na uso wangu mkavu, na jioni nikasikia kwamba mgeni wa Oman anaumwa. Kuanzia siku ya pili niliinua mikono yote miwili, kwa gari, kwa baiskeli na, mara moja, kwa mbuzi. Milango haifungwi. Makaburi yako mbele ya nyumba, kando ya barabara, yamepambwa, na watu wanapita wakiwapa marehemu zao habari za asubuhi. Na nyumba nyingi ni tupu. Wenyewe wamehamia New Zealand kutafuta maisha, na inasemekana walioko huko ni wengi kuliko waliobaki. Hili halikunishangaza hata kidogo. Sisi nasi, ukitutafuta kwa wingi, usianzie Unguja. Nilisimama mbele ya nyumba moja iliyofungwa kwa mbao, nikaona uchungu kwa ajili ya watu nisiowajua, kisha gari likapita, nikainua mikono.

Nilipangiwa nyumba ya mama mmoja mjane, mnene, mwenye kicheko cha kufungua madirisha. Tulizungumza Kiingereza, kila mmoja na chake. Usiku wa kwanza aliniuliza kama ninakula unga. Nilikaribia kumkumbatia. Nilikuwa nimechoka na vyakula vya ndege, nikaona chapati, nikaona ugali, nikaona hata uji, nikasema unga ndio chakula chetu, unga tumeukulia, bila unga sisi si watu. Akafurahi sana, akaenda jikoni, akarudi na sinia. Juu ya sinia palikuwa na kaa mkubwa kama paka, mwenye makucha ya kuvunjia nazi. Kwao unga ni huyo kaa. Nililala njaa kwa mbwembwe nyingi, nikimweleza kwamba kwetu tunafunga.

Kesho yake alinipikia majimbi na papai kwa tui la nazi, yamefungwa kwenye majani na kuchomwa juu ya mawe ya moto, na hapo nikasamehe kila kitu. Tui lao ni tui letu. Mkadi wao ni mkadi wetu pia, ila sisi tunayafunga maua yake kwenye kikuba, kile kishada cha kuvaa, tukanukia, na wao wanayasuka majani yake kuwa kofia na mikeka. Nilipomwambia kwamba kwetu mkadi ni manukato ya bibi harusi, aliniuliza papo hapo kama nimeolewa. Nikasema bado, kuna mtu anangojea jibu. Akauliza jibu gani. Nikasema sijui. Akacheka mpaka akakaa.

Simu ilikuja jioni ya Alhamisi, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka kusali Magharibi. Ilikuwa sauti ya Bibi, imetanguliwa na mwangwi wake mwenyewe. Alinieleza kwamba yule mjomba mkubwa anasafiri kwenda Tabora na hatarudi mpaka baada ya Ramadhani, na bila yeye hakuna wa kupokea jibu, kwa hivyo wazee wameamua kuja leo, Ijumaa, kabla ya watu kwenda msikitini. Nilimwambia kwangu mimi ni Alhamisi. Bibi akafikiri kidogo.

"Magharibi ishaingia huko?"

Nikasema imeingia.

"Basi nawe ushakuwa Ijumaa," akasema.

Na kweli, kwetu siku huanza jua linapozama, na usiku ule ulikuwa wa Ijumaa. Mabaharia na wenye ramani walikaa wakagombana mpaka wakachora mstari wao, Bibi akaufuta akiwa amekaa kwenye mkeka Darsait. Kisha akauliza alilolipigia simu.

"Mwanangu, wazee washakaa. Tuwaambie nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Halikuwa ndiyo wala hapana. Nilitaka nirudi nimwone tena yule mtu japo mara moja, nimsikie akisema sentensi nzima, ndipo nijue. Nikasema, "Ngojeni nirudi." Kukawa kimya. Nikarudia. Nikasikia Bibi akipumua, nikasikia vikombe, nikamsikia mtu akikohoa, wazi kama wako chumba cha pili. Nikasema tena kwa nguvu zaidi. Kumbe simu ilikuwa imekufa upande mmoja. Mimi nawasikia, wao hawanisikii.

"Kanyamaza," Bibi akawaambia watu.

Ami akauliza, "Kanyamaza kabisa?"

"Kimya. Hata pumzi."

Msomaji wangu anajua hili maana yake nini. Mwanamwali akiulizwa na wazee wake kuhusu posa, akinyamaza, keshakubali. Haya imemziba mdomo. Ndivyo tulivyofunzwa. Na mimi, ambaye walimu watatu tofauti waliandika kwamba nasema mno, nilikuwa nimesimama upande wa pili wa dunia nikipiga kelele za kuamsha maiti wa mbele ya nyumba, huku Darsait nasifiwa kwa haya yangu. Shangazi, mke wa ami, akapiga kigelegele cha kwanza. Vikafuata vingine. Simu ilikuwa inatetemeka mkononi mwangu kwa vigelegele, halafu mtu akaikata.

Mwenyeji wangu alikuja mbio na upawa mkononi. Alikuwa amevisikia vile vigelegele vikitoka kwenye mkono wa simu mpaka jikoni, akataka kujua ni ndege gani huyo. Nikamwambia nadhani nimechumbiwa. Nilitegemea nitalia. Badala yake nilianza kucheka, naye akacheka, akaniinua kutoka chini kama gunia la mchele.

Asubuhi nilikwenda ofisi ya simu kupiga Maskati. Bwana aliyekuwa dirishani akanipa mkono wa hongera kabla sijafungua mdomo. Alisema laini ya nje ina hitilafu kisiwa kizima, sauti zinaingia na hazitoki, na kifaa cha kuitengeneza kitakuja na ndege ya wiki ijayo, ile ile nitakayoondokea. Kisha akaniuliza bwana harusi yukoje.

Hilo ndilo swali nililoulizwa wiki nzima. Dukani, barabarani, mafunzoni, chini ya mnazi wenye maradhi na chini ya mnazi mzima. Magari sasa yalikuwa hayainui kidole tu, yalisimama. Wanawake walioketi wakisuka mikeka walinivuta nikae nao, wakataka kujua kila kitu. Mrefu? Nikasema wa kutosha. Anavua samaki? Nikasema anatengeneza vigae. Mpole? Hapo nikababaika, maana kwa kweli nilikuwa na kitu kimoja tu mkononi, nacho kilikuwa kahawa iliyotoka puani. Nikawasimulia. Walicheka mpaka wakaacha kusuka. Nikawaeleza na ile kofia, na nilipokuwa nikiieleza nikamwona tena alivyoivua bila kufikiri, na alivyoipangusa meza ya Bibi kwa uangalifu, akianzia pembeni. Mwanamke mmoja akasema kwa lugha yao maneno ambayo wote waliyaitikia. Niliuliza kasema nini. Nikaambiwa kasema mtu asiyejali kofia yake atamjali mkewe.

Sikujua kama ni methali ya kwao au katunga papo hapo. Nilichojua ni kwamba kila siku niliamka nikitumaini mtu ataniuliza tena yukoje, na waliponiuliza sikupunguza, niliongeza. Jumapili kisiwa kizima hunyamaza kwa ajili ya kanisa, hakuna kuvua, hakuna kelele, na mimi siku hiyo nilijikuta nimekaa kwenye ngazi za nyumba bila mtu wa kumsimulia, nikijisimulia mwenyewe na kucheka peke yangu. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu kabisa. Nilikuwa nimechumbiwa kwa hitilafu ya simu na mtu ambaye sauti yake siikumbuki, na nilitembea kando ya miamba ile kama miguu si yangu.

Siku ya kuondoka walinivika kofia ya mkadi na kunipa mkeka wa harusi. Ndani ya ndege, tulipouvuka ule mstari na kupoteza siku yetu, ndipo akili ilirudi. Harusi ya mkeka na kofia ni nyepesi. Harusi ya kweli ilikuwa inaningoja Maskati, na mimi sikuwa nimesema neno lolote kwa mtu yeyote.

Uwanja wa ndege wa Seeb walikuja wote, Bibi amevaa buibui lake jipya na ami ananuka udi mpaka maafisa wa forodha waligeuka. Njia nzima hadi Darsait ami alinisomea majina ya watu aliokwishawapasha habari. Tulipofika, kabla sijavua viatu, nikamwambia Bibi kwamba sikunyamaza.

"Hukunyamaza vipi? Mie mwenyewe nlisikiliza."

Nikamweleza simu ilivyokufa upande mmoja. Ami alikaa chini. Bibi akaniuliza basi nilikuwa nasema nini huko. Nikamwambia, "Nlisema ngojeni nirudi."

"Ngojeni si hapana," akasema Bibi.

"Wala si ndiyo, Bibi."

Ami akasema hilo halitatoka nje ya mlango ule. Watu washapewa jibu, mjomba mtu kaondoka nalo mpaka Tabora, na sasa twende tukaseme nini, kwamba waya ulidanganya? Lakini Bibi, pamoja na maoni yake yote, ni mtu wa haki. Alisema ndoa haijengwi juu ya kimya cha mashine. Akavuta simu, akampigia mama yake yule mtu, akamweleza yote, na mimi nikasikia upande wa pili ukinyamaza kwelikweli.

Kesho yake alasiri alikuja mwenyewe na mama yake. Mama mtu alikuwa amefura. Mwanawe alikaa palepale kwenye ncha ya kochi, Bibi akamwekea kahawa mbali kidogo na kitambaa cha meza. Akaomba ruhusa kwa Bibi anisemeshe, Bibi akampa. Hapo ndipo nilipoisikia sauti yake, nene, ya bara, isiyo na haraka.

"Nimeambiwa hukunyamaza. Ulisema nini?"

"Nlisema ngojeni nirudi."

"Si umesharudi?"

"Nimerudi jana tu," nikamwambia. "Bado sijafika."

Nilidhani ataudhika. Alitafakari, akatikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa jambo la maana kuhusu mashine. "Basi nangoja," akasema. Mama yake akamfinya, nilimwona. Kisha akauliza jambo ambalo tangu nitue hakuna mtu wa nyumbani aliyeliuliza: hicho kisiwa kikoje? Nikaanza. Nilimwambia habari za unga, na za yule mbuzi niliyemsalimia, na za nyangumi, na za nyumba zilizofungwa kwa mbao. Kwenye unga alicheka akainama. Kwenye nyumba tupu hakucheka, akasema bibi yake alikuwa akitaja nyumba moja ya Tabora mpaka alipofariki, kila pazia na rangi yake. Ya mikeka na maswali ya wale wanawake sikumwambia. Walipoondoka nilibaki nimeshika sinia la kahawa katikati ya sebule, na Bibi akaniuliza kama nina homa.

Homa ilikuwepo. Lakini nilifanya maringo. Nilijiambia kwamba nimepewa nafasi ya kungojewa, na mwanamke hangojewi mara nyingi, ngoja niionje. Nikaionja wiki ya kwanza, nikaionja ya pili. Ndipo shangazi akaja na habari kutoka kwenye maziko fulani: familia ya yule mtu imechoka kuchekwa. Mjomba kapiga simu kutoka Tabora, kasema kuna binti wa ndugu yao yuko Nizwa, kasoma, katulia, na Ijumaa hii wanakwenda kumposa. Ami akasema heri yao. Bibi aliendelea kuchagua mchele, lakini alikuwa akiutupa uliokuwa mzima.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi na Ijumaa, mapumziko ya wiki ya Oman siku hizo, viwanda vyote vilifungwa. Kumwomba ami apige simu ilikuwa sawa na kuuomba ukuta, Bibi alishampigia mama mtu mara moja kwa ajili yangu na sikuwa na uso wa kumwomba tena, na mwanamke wa kwetu hampigii simu mwanamume kumwambia amekubali. Hiyo ni kazi ya wazee, na ikishindikana, ya kimya. Nilitoka kazini mapema nikisema nakwenda Ruwi kununua uzi. Karibu na kituo cha mabasi kulikuwa na simu za kadi zimepangwa ukutani, na kila moja ina foleni ya vibarua wanaopiga kwao. Niliingia foleni nyuma ya watu wa Bangladeshi na Pakistani, mwanamke peke yangu, buibui langu na jasho langu. Kadi ikaniponyoka ikaanguka, na mzee mmoja akaniokotea.

Aliyepokea Rusayl alikuwa Mhindi mwenye adabu, akaniuliza kwa Kiarabu ni nani anayemtaka injinia. Nikasema ni watu wa nyumbani kwake. Ilikuwa bado si kweli, nikaona heri niseme hivyo. Akaniacha nikisikiliza mashine za vigae zikisaga, zikisaga, mpaka nikawa na hakika hataitwa. Kisha sauti nene ikasema halo.

"Ni mimi," nikasema. "Nakubali."

"Nini?"

"Nimesema nakubali."

"Mashine," akasema. "Sema tena."

Nikashika ukuta. Nyuma yangu foleni, mbele yangu mabasi, na katika kituo kile hakukosekana watu wa Tanga na Mombasa wanaojua Kiswahili kuliko mimi. Nikajaza kifua, nikapiga kelele kwa sauti yangu yote, ile niliyoipigia Niue bila kusikiwa na mtu, kwamba nakubali, nakubali kuolewa na yeye, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, na Ijumaa asiende Nizwa. Watu wakageuka. Yule mzee aliyeniokotea kadi akatabasamu bila kuelewa hata neno.

Huko Rusayl mashine ziliendelea kusaga. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayesikia vizuri sana:

"Nimekusikia tangu mara ya kwanza. Endelea."

Nikaendelea mpaka kadi ikaisha.